Sura ya Tisa: Akili ya Kampuni

Kisilu aliletewa chai, akaiacha ipoe mbele yake. Alikaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mikono juu ya magoti, na kila Inspekta Mwelu alipouliza swali alitazama dirishani kana kwamba jibu lingepita nje barabarani.

Alikuwa fundi wa mitambo wa Maundu Matunda Limited, kampuni inayonunua avokado kwa wakulima wa vilima vya Kathiani na kuzisafirisha ng'ambo. Katika jengo lao, kando ya barabara itokayo Machakos mjini, kuna chumba kikubwa cha baridi ambamo hewa ya kupumua huondolewa, na mahali pake hujazwa gesi ya naitrojeni, ili matunda yalale bila kuiva. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Mtu akiingia humo huanguka kabla hajajua kwamba anaanguka. Ndiyo maana waliokijenga chumba hicho waliweka mlangoni kufuli ya umeme isiyofunguka mpaka hewa irudi, taa inayogeuka nyekundu, na king'ora.

Siku ile Musyoka, mpakiaji, alikuta taa ya kijani. Kufuli ikamfungukia. King'ora hakikulia. Aliingia na toroli lake, akaanguka. Bartholomew Maundu, mwenye kampuni na mkurugenzi wake, alishuka kutoka ofisini mbio, akaingia kumtoa, naye akaanguka juu yake. Walitolewa wote wawili wakiwa wamekwisha kukata roho. Ndani ya kisanduku cha kufuli polisi walikuta waya ya ziada, iliyowekwa kuidanganya mashine iamini kwamba hewa imerudi. Kisilu alikubali siku ile ile kwamba waya hiyo ni kazi ya mikono yake. Tangu hapo alifunga mdomo.

Kituoni, wenzake Mwelu waliona kesi imekwisha. Kisilu na Musyoka walikuwa majirani huko Kathiani, na waliwahi kupelekana kwa chifu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Fundi ana waya, fundi ana kinyongo, nini tena kinatafutwa? Lakini Mwelu alikuwa amepanda hadi Kathiani kujionea. Mpaka wenyewe aliukuta umepandwa mkonge mchanga, na Munyiva, mjane wa Musyoka, alimwambia kwamba wanaume hao wawili waliupanda pamoja, kisha wakakaa chini wakala muthokoi kutoka sufuria moja. Kinyongo hicho kilizikwa kabla ya Musyoka.

"Ni nani alikutuma uweke hiyo waya?" Mwelu aliuliza tena.

Kisilu aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza. "Madam, mtu akishakufa, anaweza kushtakiwa?"

"Hapana."

"Basi mimi sina jina ya kukupea."

Mwelu hakuonyesha kwamba amekwisha kupewa. Alibadilisha mazungumzo, akamuuliza mkewe anaendeleaje. Kisilu akajibu kwamba mkewe ameambiwa asiwe na wasiwasi, watoto wataendelea na shule hata baba yao akifungwa.

"Ameambiwa na nani?"

"Kampuni."

"Kampuni haina mdomo, Kisilu. Lazima kuna mtu alizungumza."

Lakini fundi alikuwa amerudi dirishani.

Onesmus, kiongozi wa mashtaka, alimpokea Mwelu akiwa amesimama. Alikuwa mtu mpole, mwenye desturi ya kuongea polepole zaidi kadiri mambo yalivyozidi kuharakishwa, na asubuhi hiyo aliongea polepole sana. Alisema hakimu amekataa kuahirisha tena. Alasiri ile ile Kisilu angesomewa mashtaka ya kuua bila kukusudia, na angesomewa peke yake.

Mwelu akamweleza swali aliloulizwa na fundi. Onesmus hakushangaa. Alisema hata yeye alikuwa ameinusa harufu hiyo, ila pua si ushahidi. Kisha akamweleza sheria ilivyo. Kampuni huhesabiwa kuwa mtu: inaweza kumiliki ardhi, kushtaki na kushtakiwa. Lakini ni mtu asiye na mikono wala akili ya kwake, hutumia mikono na akili za watu. Na si kila anayefanya kazi pale ni akili ya kampuni. Fundi akikosea, wakili wa kampuni atasimama aseme huyo alikuwa mkono tu, tena mkono mkaidi uliovunja amri za mwenyewe.

"Nipatie aliyekuwa na neno la mwisho," alisema. "Yule ambaye akiamua, hakuna mwingine wa kuulizwa. Akili yake ndiyo akili ya kampuni. Kosa lake ni kosa la kampuni."

"Na kama amekufa?"

Onesmus alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Yeye amekufa. Kampuni haijafa. Lakini nataka kitu cha kushika, Inspekta. Maneno ya mshukiwa juu ya marehemu yatapeperushwa kama makapi."

Mwelu alimchukua Konstebo Kiema, ngazi, na kibali cha mahakama cha kupekua, wakaenda.

Walipofika walikuta mlango wa chumba cha baridi una watu. Utepe wa polisi ulikuwa umebanduliwa, ukakunjwa vizuri na kuwekwa juu ya kreti tupu. Mafundi wawili wageni, watu wa Nairobi, walikuwa wamepiga magoti mbele ya kisanduku cha kufuli. Kisanduku kipya kilikuwa sakafuni, kimeshatolewa kwenye boksi lake, na bisibisi ilikuwa kwenye skrubu ya mwisho ya kile cha zamani.

Mwelu aliwaambia waache kila kitu kilipo, wainuke, warudi nyuma mpaka ukutani. Hakupaza sauti. Walirudi nyuma.

Titus, meneja wa kiwanda, akatokea upande wa mizani. Alikuwa mwanamume wa Syokimau, shati jeupe katikati ya vumbi la makreti, na tabasamu ambalo halikufika machoni. Alieleza kwamba wanunuzi wa ng'ambo wametaka chumba kirekebishwe upesi, matunda ya wakulima yanaoza, na kwamba hakuna aliyekusudia ubaya wowote.

"Ni nani alisema utepe utolewe?" Mwelu aliuliza.

"Kampuni iliamua, madam."

"Nani?"

"Menejimenti."

Mwelu alimwacha na neno hilo. Titus, kuona anatazamwa tu, akanyoosha kidole kwenye ubao mkubwa uliobandikwa juu ya mlango, wenye maandishi mekundu. "Soma pale. Hakuna mtu kugusa kufuli ya usalama. Hiyo ndiyo sera yetu, na Kisilu alikuwa anaijua vizuri. Kampuni haiwezi kubebeshwa kichwa ngumu ya mtu mmoja."

Mwelu aliusoma ubao wote, mpaka mstari wa mwisho. Kisha akainama kwenye kisanduku. Siku ya ajali polisi waliona waya, wakampata mwenye waya, wakafunga kisanduku wakaondoka. Hakuna aliyejisumbua kuuliza waya inaelekea wapi. Sasa Mwelu aliifuata kwa ncha ya kalamu yake. Haikuishia ndani. Ilipita nyuma, kwenye tundu dogo lililotobolewa kwa uangalifu, ikazama ukutani.

"Hiyo inaenda kwa karakana yake," Titus alisema haraka. "Huko nyuma, karibu na jenereta."

Mwelu akamwagiza Kiema aweke ngazi na ainue ubao wa dari. Konstebo akapanda, kichwa na mabega yakapotelea juu. Kwa muda ilisikika tochi ikigonga mbao.

"Kuna bomba ya plastiki, afande," sauti yake ilitoka juu. "Waya iko ndani yake."

"Bomba ina rangi gani?"

"Imepakwa nyeupe kama dari. Na vumbi imelala juu yake, nyingi."

Mwelu alilipima jambo hilo. Vumbi halilali kwa siku moja. Waya hiyo ilikuwa pale muda mrefu, wala haikuwekwa kwa ajili ya Musyoka. Tena mtu anayefanya hila nyuma ya mgongo wa mwajiri huzungusha waya kwa gundi na kuomba Mungu isionekane. Hatoboi ukuta kwa drili mchana, hanunui bomba, hapaki rangi ilingane na dari. Aliyefanya kazi ile aliifanya akiwa na ruhusa.

Wakaifuata. Kiema alihama na ngazi, akiinua ubao baada ya ubao, na wafanyakazi waliokuwa wakichambua matunda walisimamisha mikono wakatazama. Bomba lilipita juu ya mlango wa karakana ya Kisilu bila kushuka. Likaendelea hadi kwenye ngazi za saruji, na hapo likakunja kona kuelekea juu.

Titus aliwahi mbele, akasimama kwenye kidato cha kwanza. Alisema, kwa heshima, kwamba kibali chao ni cha chumba cha baridi. Mwelu alimfunulia kibali, akamwekea kidole kwenye maneno *jengo lote*. Meneja alisoma, akasogea kando.

Ghorofani bomba lilitokea katika ofisi ya Titus mwenyewe, nyuma ya kabati la faili. Mwelu alisimama katikati ya chumba. Aliangalia kabati, aliangalia meza, kisha akamwangalia mwenye meza. Jasho lilikuwa limemtoka Titus kwenye paji la uso, na shati lake jeupe lilikuwa limeshika mgongoni.

"Niliikuta hapa, madam," alisema. "Nilipoandikwa kazi niliikuta. Sikuwahi kuuliza ni ya nini."

"Meneja hakuuliza waya inayopita juu ya kichwa chake ni ya nini?"

"Kuna vitu hapa mtu haulizi."

Kiema alisogeza kabati. Bomba halikuwa na tundu, halikuwa na swichi, halikusimama. Lilipita ofisi ile toka ukuta hadi ukuta, likatoboa upande wa pili. Titus alishusha pumzi. Mwelu hakumuuliza upande wa pili ni wapi. Hakukuwa na haja. Walipotoka kwenye ujia waliona mlango unaofuata una kibao cha shaba, na jina la Bartholomew Maundu limechongwa juu yake.

Loise Maundu alikuwa ameketi nyuma ya meza ya mumewe, kitambaa cheusi kichwani, Biblia mbele yake. Tangu mazishi yeye ndiye aliyekuwa mkurugenzi. Alimsalimu Mwelu kwa Kikamba, akamwonyesha kiti, akamwuliza kama amekunywa chai. Mwelu alimjibu kwa lugha ile ile, kisha akahamia Kiswahili kwa sababu Kiema alikuwa akiandika.

Bomba liliingia kwenye kona ya dari, likafuata ukuta mpaka nyuma ya kiti cha Loise, na hapo likakatwa. Ncha ya shaba ya waya iling'aa kama sindano mpya. Chini ya ncha hiyo ilitundikwa picha kubwa ya marehemu, fremu ya dhahabu, utepe wa mazishi bado umefungwa pembeni.

"Mama, nitaomba hiyo picha ishuke."

Kiema alipiga hatua. Loise aliinua mkono. "Wewe usiiguse."

Aliinuka mwenyewe, akaitungua picha, akafuta kioo kwa mkono wa nguo yake, akaiegemeza juu ya kiti kana kwamba anamketisha mtu. Ukutani palikuwa na kiraka cha plasta, upana wa kiganja, bado chenye rangi ya unyevu. Mwelu alimwambia Kiema akipige picha kwanza, kisha akikwangue taratibu. Plasta ilimeguka kama ugali uliopoa. Ndani yake kilitokea kisanduku kidogo cha chuma, cha aina inayobeba swichi ya taa. Swichi yenyewe haikuwapo.

Mwelu aliomba ruhusa, akaketi kwenye kiti cha mkurugenzi. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na vidole vyake vikagusa kisanduku. Mbele yake, kupitia dirisha la kioo lililotazama ndani ya kiwanda, aliona mlango wa chumba cha baridi, na nyuma yake uwanja wa malori. Mtu aliyeketi pale angeweza kuona lori linangoja, akafungua chumba, akairudisha mikono mezani.

"Hiyo inaweza kuwa ya taa tu," Titus alisema kutoka mlangoni.

"Ni nani alipiga plasta?"

"Ni kampuni ili..." Akakatiza.

"Sema jina."

Titus alimtazama Loise, akatazama viatu vyake.

"Ni mimi," Loise alisema. "Plasta ni mimi. Hao mafundi wa Nairobi ni mimi. Na bibi ya Kisilu, ni mimi nilimpigia simu. Titus, enda nje."

Mlango ulipofungwa Mwelu alimwonya, kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa. Loise aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Alibaki amesimama karibu na picha.

"Mume wangu amezikwa kama shujaa," alisema. "Mchungaji alisema hivyo mbele ya watu wote. Sasa unataka nimfukue?"

"Kuna mtu yuko seli kwa niaba yake."

"Kisilu ndiye aliweka waya."

"Aliweka. Ni nani alikuwa anabonyeza?" Mwelu hakungoja jibu. Alimweleza polepole alichokuwa nacho. Siku ile Kisilu alikuwa kwenye jenereta, na wachambuaji walimwona huko. Titus alikuwa kwenye mizani, dereva wa lori alimwona. Swichi ilikuwa hapa, nyuma ya kiti hiki, na hakuna aliyekikalia kiti hiki ila mmoja. "Katika chumba hiki kulikuwa na mtu mmoja tu, mama."

"Wawili," Loise alisema.

Kiema aliinua kalamu. Mwelu akamkonyeza aendelee kuandika.

Loise akaketi, si kwenye kiti cha mkurugenzi bali kwenye kile cha wageni, na akasimulia bila kulia. Alikuwa amemletea mumewe chakula. Lori la Mombasa lilikuwa likipiga honi uwanjani, na Bartholomew alikuwa akilalamika kwamba meli haingojei mtu. Kuingiza hewa chumbani huchukua muda mrefu. Kwa hiyo alinyoosha mkono nyuma, bila hata kuangalia, kama mtu anayezima taa ya kulala, na Loise akasikia mlio wa swichi. Hakumwuliza kitu, kwa maana alikuwa amemwona akifanya hivyo mara nyingi. Kila mara vijana waliingia haraka, wakavuta makreti ya karibu na mlango, wakatoka, basi. Kisilu alibishana naye wakati wa kuiweka, Loise alisema, na Bartholomew akamwuliza kampuni hii ni ya nani. Fundi akanyamaza, akaenda kuleta drili.

"Safari hii makreti ya karibu yalikuwa yameisha," Loise alisema. "Musyoka akaenda mpaka ndani. Tulikuwa tunamwangalia hapa kwa kioo. Hakutoka."

Bartholomew aliangusha kijiko, akashuka ngazi mbio. Alikimbia bila kuizima swichi. Kama angeizima, king'ora kingelia, na watu wangekuja na barakoa za hewa zilizotundikwa karibu na mizani.

"Mimi nilikuwa nimesimama hapa," Loise alisema. "Nilikuwa naiona. Nikafikiri nikiigusa nitaharibu."

Chini kiwandani mtu aliburuta kreti. Mwelu alifunga kalamu yake.

"Hilo sheria haikuulizi," alimwambia. "Lakini kuhusu ukuta huu uliouziba, itakuuliza. Hilo siwezi kukuficha."

"Watoto wangu watasikia baba yao aliua mtu."

"Watasikia alikosea, na watasikia alikimbia kumtoa. Yote mawili ni ukweli. Kisilu akifungwa, watoto wake watasikia uongo."

Loise aliuliza kama ni kweli maiti hashtakiwi. Mwelu akasema ni kweli, hakuna atakayemwita Bartholomew kujibu. Itakayoitwa ni kampuni, kwa sababu alipoketi pale akaamua, ilikuwa kampuni inayoamua. Hakukuwa na mwingine juu yake wa kumkataza, na chini yake hakuna aliyethubutu.

Kiema alimsogezea maelezo aliyoyaandika ili atie sahihi. Loise aliyasoma yote, kisha akayarudisha mezani, akaweka Biblia juu yake.

"Sijakataa," alisema. "Nipeeni nafasi niombe."

Mwelu hakuwa na nafasi ya kumpa, jua lilikuwa limeshapanda. Alimpigia Onesmus simu akiwa bado kwenye ujia, akamweleza kuhusu bomba, rangi, vumbi, kisanduku na kiti. Akamweleza pia kwamba sahihi hana. Onesmus akasema ataandika mashtaka upya, kampuni iwe mshtakiwa, na wito upelekwe kiwandani mara moja. Kama mjane atajitokeza au hatajitokeza, hilo Mungu ndiye ajuaye.

Mahakamani, benchi la mbele lilikaliwa na Munyiva na ndugu zake waliotoka Kathiani na nguo zao za kanisani. Wakili wa kampuni, mtu wa Nairobi, alikuwa na faili wazi mbele yake, na Mwelu, aliyekaa nyuma yake, aliona kwa juu tu kwamba amepigia mstari jina la Kisilu. Alijua atakachosema: fundi mmoja, mkaidi, sera iko ukutani. Titus alikuwa kando yake. Kiti cha tatu kilikuwa kitupu.

Kisilu aliletwa na pingu, akapandishwa kizimbani, akafunguliwa mkono mmoja.

Karani aliita kesi. Onesmus alisimama, akaomba kuwasilisha hati mpya ya mashtaka, na akasema upande wa mashtaka unaondoa mashtaka dhidi ya Kisilu ili awe shahidi. Wakili wa kampuni aliruka juu kama aliyekalia kaa la moto. Alilalamika kwamba ameshtukizwa, kwamba hakuna ushahidi ila tundu ukutani, kwamba marehemu hawezi kujitetea. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akaandika, kisha akauliza swali dogo.

"Mshtakiwa, Maundu Matunda Limited. Nani anasimama?"

Hakuna aliyesimama. Wakili alimgeukia Titus. Titus alianza kuinuka, akafika nusu, akashindwa kujua ainuke kwa jina la nani, akakaa. Hakimu akarudia swali, safari hii kwa ukali kidogo, na karani akashika kalamu kuandika kwamba kampuni imekosa kufika.

Mlango wa nyuma ulifunguka. Loise aliingia peke yake, kitambaa kile kile kichwani, na mkononi hakuwa na Biblia bali yale maelezo ya Kiema, yamekunjwa mara moja. Alipompita Mwelu alimwekea karatasi hiyo mapajani bila kumtazama. Chini kulikuwa na sahihi, wino bado mbichi. Akaendelea mbele. Wakili alimnong'oneza kitu, akamshika kiwiko. Loise alisimama akamsikiliza kwa adabu, akautoa mkono wake, akasema maneno machache ambayo hayakufika nyuma. Wakili alikaa na kufunga faili.

Kisilu alikuwa bado kizimbani, hajaelewa. Karani alimweleza kwa Kikamba kwamba anaweza kushuka. Alishuka akiwa amejishika ukingo kama mtu anayetoka mtoni, na pale kwenye kilango akakutana na Loise akija kupanda.

"Mwaitu," alimwambia, neno analoambiwa mama, na akashika kilango kisimpige.

Loise aliingia, akasimama mahali pake. Hakimu alimuuliza jina na cheo, akajibu. Karani alisoma mashtaka kwa sauti isiyo na rangi, kwamba kampuni, kwa uamuzi wa mkurugenzi wake, iliweka na kutumia kifaa cha kuidanganya kufuli ya usalama, na kwa kitendo hicho ikasababisha kifo cha Musyoka. Munyiva aliinamisha kichwa jina lilipotajwa.

"Ni kweli au si kweli?" karani aliuliza.

Loise alishika mbao za kizimba kwa mikono yote miwili. Alimtafuta Munyiva kwa macho, akampata, wala hakuyahamisha.

"Ni kweli."

Hakimu aliweka kalamu chini. Alimweleza kwamba jibu hilo lina uzito, na kwamba mahakama lazima ijue limetoka wapi. Je, anasema hivyo yeye kama mjane, au ni kampuni inayosema?

"Mimi kama mjane ningenyamaza," Loise alisema. "Hiyo ni kampuni imesema."